Ufuo Safi na Mshahara wa Haki: Kwa Wenye Nyumba za Wageni Galu

Kusi likianza kuvuma, bahari ya Galu, huku Kwale, hutapika nyasi. Kuanzia Aprili hadi karibu Septemba, ule ufuo mweupe unaopigwa picha na wageni huamka umefunikwa na marundo ya kahawia yanayonuka jua likiyapiga. Mwenye hoteli huita vibarua kutoka Kinondo na Ukunda. Huja na reki na mikokoteni, wakakusanya, wakachimba, wakafukia. Kisha mtu wa mazingira humwambia, na kweli yuko sahihi, kwamba nyasi zile ziachwe: hushika mchanga usichukuliwe na mawimbi, huwalisha kaa na ndege, na zikioza hurudisha rutuba baharini. Mwenye hoteli anaupenda ushauri huo, hasa kwa kuwa unampunguzia gharama. Kesho yake vibarua wanaambiwa hakuna kazi.

Ufuo umepona, na nyumba kadhaa zimelala bila unga. Hili ndilo tatizo ninalotaka tulizungumze, kwa sababu linajirudia Galu nzima katika sura nyingi: kwenye taulo, chupa, paa na samaki. Katiba ya Kenya ya 2010 imeziweka haki hizi mbili jirani kabisa. Kifungu cha 41 kinampa kila mtu haki ya kutendewa haki kazini, na cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Malengo ya maendeleo yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015 nayo yana lengo la 8 kuhusu kazi yenye staha na la 12 kuhusu matumizi na uzalishaji usioharibu dunia. Kwenye karatasi mambo haya hayagombani. Hugombana pale mwenye biashara anapoyatekeleza kwa kuangalia bili yake peke yake.

Rai yangu ni hii. Kila hatua ya kulinda mazingira ina mikono inayoibeba. Kabla hujaitangaza, jua ni mikono ya nani na italipwa vipi. Hatua iliyokatwa kutoka kwenye ujira wa mnyonge haidumu, maana aliyepokonywa riziki ataitafuta palepale tunapotaka kupalinda, msituni, kwenye mikoko au kwenye mwamba.

Basi tuanze na zile nyasi. Usiiondoe kazi, ibadilishe. Vibarua wale wale wapewe glavu na viatu, wapite asubuhi wakichambua kwa mkono kilicho taka ndani ya nyasi: vifuniko, kamba za nyavu, ndala, chupa zilizovunjika. Nyasi zenyewe zibaki juu ya ufuo, ila njia ya kupita mbele ya geti isafishwe. Kazi hii huchukua muda mrefu kuliko kukokota reki, kwa hiyo siku za kibarua hazipungui. Waongezee jukumu la kuangalia nyayo za kasa, kwa kuwa kasa hutaga kwenye fukwe hizi, na mkokoteni ukipita juu ya kiota huweza kukiharibu kabla mtu hajajua kipo. Wageni nao waelezwe kwa kibao kifupi kwa nini ufuo uko hivyo. Wengi wakielezwa hukubali, na wanaolalamika zaidi ni wale ambao hakuna aliyewaeleza kitu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi wanaojiita wapenda mazingira hulikwepa, nalo ni mkataba. Nyumba inaweza kuwa na sola juu ya paa na mboji nyuma ya jiko, huku mpishi ana miaka minne kazini akilipwa kwa siku kama kibarua. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haikubali hilo. Kibarua kwa sheria ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi, au akiwekwa kwenye kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kumalizika kabla ya miezi 3, sheria humtazama kama mwajiriwa wa mwezi, mwenye haki ya notisi na mengineyo. Kazi ya miezi 3 au zaidi inataka mkataba wa maandishi. Kuna siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7, likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka yenye malipo, likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mama na wiki 2 kwa baba, na nyumba au fedha za nyumba. Mfanyakazi apewe karatasi ya mshahara inayoonyesha kila kilichokatwa. Na kinachokatwa kifike kinakokwenda, NSSF ya pensheni pamoja na SHA ya bima ya afya, ambayo tangu Oktoba 2024 imechukua nafasi ya NHIF kwa mchango wa asilimia 2.75 ya mshahara. Kumkata mtu halafu usipeleke ni wizi, na siku anayoujua wizi huo ni siku mtoto wake yuko hospitalini Msambweni.

Kwa nini nayaweka haya ndani ya makala ya mazingira? Kwa sababu mfanyakazi asiyejua kama atakuwepo mwezi ujao hana sababu ya kujifunza kutenganisha taka, kusoma mita ya maji, au kukuambia kwamba bomba la nyuma linavuja tangu juzi. Mtu huchunga mahali anapotarajia kukaa. Mwenye nyumba anayebadilisha watu kila msimu huanza kufundisha upya kila msimu, na maji yake, gesi yake na umeme wake huvuja kila msimu.

Msimu wenyewe ndio kisingizio kikubwa. Wageni hupungua baada ya Pasaka, mvua za masika huwa nzito zaidi mwezi Mei, na hoteli kadhaa hufunga mpaka Julai. Wafanyakazi huambiwa waende wakapumzike, maana yake waende bila mshahara. Najua biashara ndogo haiwezi kulipa watu kumi kwa vyumba vitupu, na simwombi mtu afilisike. Lakini zipo njia. Zile siku 21 za likizo zipangwe Mei, kwa hiyo karibu mwezi mzima wa ukimya unakuwa wenye malipo ambayo tayari ulikuwa unadaiwa. Kazi za ndani, kama rangi, mabomba, magodoro na kukarabati viti, zifanywe na watu wako badala ya kandarasi kutoka Mombasa. Ndio wakati wa kupanda pia: ardhi imelowa, mche wa mkwaju au mwarobaini ukitiwa ardhini Mei hauhitaji mpira wa maji mpaka uwe umeshika. Na tangu Desemba, wakati vyumba vimejaa, tenga kiasi kutoka kila usiku uliouzwa kwa ajili ya mishahara ya masika. Andika kwenye mkataba kwamba miezi fulani saa za kazi zitapungua na malipo yatakuwa kiasi fulani. Mtu akijua mapema atajipanga, atapanda mihogo yake, atalipa karo mapema. Kinachoumiza ni kuambiwa Ijumaa kwamba Jumatatu usije.

Kuhusu taulo nitasema kwa kifupi. Kadi ile ya kumwomba mgeni asibadilishe taulo kila siku ni nzuri, hasa Galu, ambako visima vilivyo karibu na bahari vikivutwa kupita kiasi huanza kutoa maji ya chumvi, na jirani aliye bara kidogo huathirika pamoja nawe. Ila mara nyingi anayelipwa kwa idadi ya vipande ni dobi, mama wa kijiji, na vipande vikipungua nusu, riziki yake inapungua nusu. Mlipe kwa mwezi. Saa zilizookolewa zitumike kushona mashuka yaliyochanika na kugeuza taulo kuukuu kuwa matambara ya jikoni, ili usinunue mapya. Akiba ya maji, sabuni na umeme itakutosha kumlipa. Piga hesabu mwenyewe utaona.

Taka nazo zina mikono. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi kwenye hifadhi, misitu na fukwe zilizotengwa kulindwa. Sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe pale zinapozalishwa. Wakati wa marufuku ya 2017 chama cha wenye viwanda kilionya kwamba ajira zipatazo 60,000 zingepotea. Ubishi juu ya hesabu hiyo haujaisha, lakini swali lake lilikuwa la haki: nani anafidiwa? Huku kwetu jibu moja lilikuwa kiganjani. Wanawake wa Kidigo wanasuka vikapu vya miyaa tangu enzi, na pakacha la kuti la mnazi limebeba maembe na samaki kabla ya nailoni kuzaliwa. Nyumba ya wageni inayonunua vikapu ishirini kwa ajili ya wageni kwendea sokoni imeziba pengo la plastiki na kumlipa msusi kwa mpigo mmoja. Masharti yangu ni mawili tu: usimwombe bei ya mkopo, na usimlinganishe na kikapu cha kiwandani.

Chupa tupu zina mwokotaji wake. Anapita asubuhi na gunia, anachokora pipa lenye mabaki ya chakula na vioo, na dalali humlipa kwa kilo. Kitu kidogo sana kinaweza kubadilisha maisha yake: chupa ziwekwe kando, zimesuuzwa, siku maalum, na uzani uandikwe. Anabeba kilo nyingi kwa muda mchache bila kujikata. Ukiweza, mlipe pia kwa safari, kwa kuwa anakuondolea taka ambazo vinginevyo ungelipa lori zikatupwe. Na mfanyakazi wako anayezitenganisha jikoni, kazi hiyo iwe ndani ya saa zake, si baada ya kufunga.

Tuje kwenye paa, ambapo nataka kukaa kidogo. Galu ni nchi ya makuti. Kila kuti limeshonwa na mtu, mara nyingi mwanamke aliyeketi chini ya mwembe kijijini, anayekunja majani ya mnazi juu ya ufito mmoja baada ya mwingine. Huuza kwa idadi. Dalali akimshusha bei, hana la kufanya ila kushona majani machache katika kila kuti ili apate idadi kubwa kwa siku. Paa la makuti mepesi huvuja mapema, linaezekwa tena mapema, na minazi inakatwa majani tena, pengine mabichi, jambo linalopunguza nazi za mwenye shamba. Kwa hiyo bei ya chini haikuokolei kitu. Inakuuzia paa la muda mfupi. Nenda kwa washonaji wenyewe kabla ya msimu wa kuezeka, kubalianeni unene wa kuti, toa nusu ya fedha mbele, na ulipe zaidi kwa kuti lililobana. Paa litadumu, minazi itapumua, na mshonaji atapata fedha nyingi kwa makuti machache. Fundi wa kuezeka naye apewe kamba ya kujifunga akiwa juu. Akianguka, sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, ya 2007, inakuhusu wewe.

Kuna watu wanahamia makuti ya plastiki kwa hofu ya moto. Hofu hiyo si ya kudharau, kwani upepo wa pwani ukikutana na cheche hauulizi. Mimi ningeweka vigae juu ya jiko na mahali pa jenereta, na makuti halisi kwingineko, na mabomba ya maji yenye nguvu karibu. Kuagiza plastiki ifanane na jani linaloota nyuma ya nyumba yako, huku mshonaji akikosa soko, sioni busara yake.

Samaki. Mvuvi wa malema na mvuvi wa juya wote wanafika kwenye mlango wako wa jikoni, na wewe kwa bei yako unachagua nani aendelee. Juya linakokota kila kitu, wachanga na wazazi, na limekatazwa. Lema lenye mwanya wa kutorokea, lile lililofanyiwa majaribio na watafiti pamoja na wavuvi wa pwani hii, linawaachia tafi wachanga wapite na kubakiza wakubwa. Mvuvi anayelitumia hupoteza kitoweo cha leo ili apate samaki wa bei kesho, na kesho hiyo haifiki kama mnunuzi halipi tofauti. Nunua kupitia kikundi cha usimamizi wa ufuo, Mwaepe, Mvuleni au kilicho karibu nawe. Weka urefu wa chini wa samaki unaopokea, lipa siku hiyo hiyo, na ukubaliane bei ya mwaka badala ya kugombana kila asubuhi. Mpishi naye abadilishe mlo kulingana na kilichopatikana. Menyu inayodai kamba mawe kila siku, hata kusi likiwa limechafua bahari nje ya mwamba, inamsukuma mtu kuhatarisha maisha au kuvua wadogo. Mama anayechokoa pweza maji ya bamvua hana haja ya kuvunja matumbawe akijua wachache wakubwa watamlipa vizuri.

Kama unadhani nakuza umuhimu wa kuwashirikisha watu, tazama mifano miwili iliyo kilomita chache kutoka kwako. Mwaka 1995 serikali ilitangaza hifadhi ya bahari ya Diani-Chale. Wavuvi waliikataa, kwa kuwa waliona maji yao yanachukuliwa bila riziki nyingine kuwekwa mezani, na hifadhi ile ilibaki kwenye gazeti la serikali. Sasa nenda Gazi. Tangu 2013 watu wa Gazi na Makongeni, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wanalinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya ukaa inayozuiwa, takriban tani 3,000 kwa mwaka. Fedha zinakwenda kwenye maji, shule na mahitaji ambayo kijiji kimeyapanga chenyewe. Na hawakuishia kusema msikate: walipanda mivinje ili anayehitaji mti wa kujengea au kuni asilazimike kwenda kwenye boriti za mikoko. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Hata Kaya Kinondo, msitu mtakatifu mlangoni mwa Galu ambao pamoja na kaya nyingine za Mijikenda uliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, unalindwa na wazee kwa miiko yao, na vijana wanaowaongoza wageni ndani, kila mgeni amefungwa kitambaa cheusi, hupata chochote kutokana na kiingilio. Mpeleke mgeni wako huko, alipe kiingilio kamili. Usimwombee punguzo.

Mbao za samani zako na fito za ua zitoke kwenye mivinje ya wakulima wa Msambweni. Muulize muuzaji mti umetoka wapi. Akijikunyata, tafuta mwingine.

Kuna jambo la sasa hivi ambalo wenye biashara wa Galu hawana budi kulitazama kwa moyo. Mgodi wa Base Titanium ulimaliza kuchimba Desemba 2024, baada ya kusafirisha madini yake ya kwanza Februari 2014. Mafundi umeme, madereva, mafundi bomba, wahudumu wa kitalu cha miti ya kienyeji, watu waliozoea kofia ya usalama na mshahara wa tarehe maalum, wamebaki Kwale wakitafuta kazi. Mwajiri mmoja ataona hapa nafasi ya kushusha mishahara, kwa kuwa wanaobisha geti ni wengi. Namsihi asifanye hivyo. Aone badala yake utaalamu ambao hakuupata kwa miaka: mtu wa kufunga sola vizuri, mtu anayejua mti gani wa kwetu unavumilia chumvi na kumlisha mbega, ili bustani isiwe nyasi za kumwagiliwa mchana kutwa. Mlipe mtunza bustani huyo kwa anachokijua. Anayeshikilia mpira wa maji unaweza kumpata popote. Anayekuondolea haja ya mpira ni adimu.

Kwako mfanyakazi: omba mkataba wako kwa maandishi, tunza kila karatasi ya mshahara, na angalia michango yako kwa simu kila mwezi. Chama cha KUDHEIHA kinawahusu wafanyakazi wa hoteli na wa majumbani, kwa hiyo ushauri upo. Na ukiona maji machafu yanaelekezwa baharini usiku, au mikoko inakatwa nyuma ya ua, usinyamaze kwa kuogopa kupoteza kibarua. Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kuhusu mazingira bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe ameumia.

Kwako mwenye nyumba, ninaomba kitu kimoja cha kuanzia. Kabla ya Mei ijayo, keti na watu wako wote, dobi na askari wa usiku wakiwemo, mwandike hatua za mazingira mnazotaka kuchukua mwaka huo. Mbele ya kila hatua andikeni jina la atakayeifanya, saa zake na malipo yake. Iliyokosa malipo msiianze mpaka yapatikane.